Msalaba mdogo, majani mengi: namna Frederic Church alivyochora imani yake

Chini kushoto kwenye Moyo wa Andes, mchoro ambao mchoraji Mmarekani Frederic Edwin Church aliukamilisha mwaka 1859, kuna msalaba mweupe wa kando ya njia. Mbele yake wapo watu wawili, mmoja amesimama na mwingine ameketi. Mchoro wenyewe una kimo cha sentimita 168 na upana wa karibu sentimita 303, kwa hiyo ni rahisi kuupita msalaba huo bila kuuona. Wanaoandika kuhusu wasanii Wakristo wakimfikia Church huanzia hapo, na wengi huishia papo hapo: alikuwa mwamini, kaweka msalaba, basi. Kwangu mimi hapo ndipo pa mwisho kutazama. Imani ya mtu huyu imekaa zaidi kwenye majani yanayouzunguka msalaba, na kwenye adabu ya kazi iliyoyafanya majani hayo yawe vile yalivyo. Hiyo adabu ndiyo iliyompa jina na fedha, na baadaye ndiyo iliyomfanya aonekane amepitwa na wakati.

Church alizaliwa tarehe 4 Mei 1826 huko Hartford, Connecticut, kwenye familia yenye uwezo. Hartford ilianzishwa na waumini: mwaka 1636 mchungaji Thomas Hooker aliliongoza kundi lake kupitia msituni hadi hapo, na babu wa ukoo wa Church alikuwa miongoni mwa walowezi wa mwanzo. Uprotestanti wa watu hao ulikuwa wa Kikalvini, wenye makanisa meupe yasiyo na sanamu wala picha za watakatifu. Hilo lina uzito kwa kijana anayetaka kuchora. Kanisa lake halikuwa na ukuta wa kumwagiza picha ya madhabahuni. Kilichobaki ni uumbaji wenyewe. Wahubiri wa kizazi chake walifundisha kwamba Mungu ana vitabu viwili, Maandiko na maumbile, wakirejea Zaburi ya 19 na Warumi 1:20. Ukiamini kwa dhati kwamba bonde ni ukurasa, huwezi kuliandika upya kwa uvivu.

Mwaka 1844, akiwa na miaka 18, alikwenda Catskill kwenye Mto Hudson kujifunza kwa mchoraji Thomas Cole, akakaa huko miaka miwili. Cole naye alikuwa Mkristo wa dhati, lakini njia yake ilikuwa ya mafumbo. Alichora mlolongo wa picha zinazosimulia maisha ya mwanadamu kama safari ya mashua, na alipofariki Februari 1848 aliacha mlolongo mwingine, wa msalaba na dunia, haujakamilika. Kwa Cole mlima ni jukwaa na ujumbe ndio mchezo. Mwanafunzi alijaribu njia hiyo: alimchora Musa akiitazama nchi ya ahadi (1846), akachora pigo la giza la Misri, akachora Gharika. Picha hizo hazikumfikisha popote. Ile iliyonunuliwa mapema na jumba la makumbusho la Wadsworth Atheneum, kwa dola 130, ilikuwa ya Hooker na kundi lake safarini (1846), na uzuri wake upo kwenye msitu wenye mwanga wa jua, watu wakiwa wadogo ndani yake. Somo lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho: alikuwa dhaifu kwenye kisa na mwenye nguvu kwenye mahali. Mwaka 1849, akiwa na miaka 23, alikuwa tayari mwanachama kamili wa National Academy of Design, chama cha wasanii cha New York.

Kilichoibadilisha kazi yake ni kitabu cha sayansi. Alexander von Humboldt, Mjerumani aliyezunguka Amerika ya Kusini mwanzoni mwa karne ya 19, aliandika kwenye Kosmos kwamba wachoraji wa mandhari waende kwenye milima ya tropiki, kwa sababu pale mtu akipanda kutoka bondeni hadi kileleni anapita tabianchi zote, kutoka mitende hadi theluji ya daima. Humboldt hakuandika kama mhubiri. Church alimsoma kama mtu aliyeitwa. Mwaka 1853 alisafiri kwa miezi kadhaa Kolombia na Ekwado pamoja na mfanyabiashara Cyrus Field, yule ambaye baadaye alisimamia utandazaji wa waya wa telegrafu chini ya Atlantiki. Mwaka 1857 alirudi Ekwado na mchoraji mwenzake Louis Rémy Mignot kwa wiki chache, safari hii akijua anachokitafuta: milima ya Chimborazo, Cotopaxi na Sangay.

Kazi ya nje

Watu hudhani michoro mikubwa ya namna hii ilichorwa mlimani. Haiwezekani, na si kwa sababu ya ukubwa wa turubai tu. Ukikaribia ikweta, jua linatua karibu wima. Rangi za jioni zinabadilika kila dakika, na katika muda wa nusu saa hivi umebaki gizani. Hata mchana, kivuli cha bonde kinahama kabla rangi haijakauka. Church alichukua vitu vya aina mbili kutoka nje, na ni vizuri kuvitenganisha.

Cha kwanza ni mchoro wa penseli. Huu ni wa umbo: mstari wa kilele, namna tawi linavyoungana na shina, idadi ya mikunjo kwenye jani. Juu ya mistari hiyo aliandika maneno mafupi na namba za kumkumbusha rangi na uzito wa mwanga. Ni kama ramani yenye maelezo, nayo huandikwa haraka kuliko mtu anavyoweza kuchanganya rangi.

Cha pili ni rangi ya mafuta juu ya karatasi nene au kadi, ndogo, nyingi zikiwa na sentimita 30 kwa 50 au chini ya hapo. Kadi lazima ipakwe rangi ya msingi kwanza. Ukiweka mafuta kwenye karatasi tupu, karatasi inayanyonya; rangi inabaki kavu na yenye vumbi, na baada ya miaka karatasi inageuka kahawia na kuvunjika. Rangi hupakwa nyembamba, ili kadi isafirishike siku chache baadaye bila kugandana na nyingine. Mpangilio wa kazi unafuata kile kinachokimbia: anga kwanza, kisha mstari wa milima dhidi ya anga, kisha vivuli vikubwa, na majani mwishoni kabisa, maana majani yatakuwepo kesho. Anayeanza hugeuza mpangilio huo. Anaanza na mti wa karibu kwa sababu unaonekana vizuri, na akiinua macho anga aliyokuja kuichora imeshaondoka.

Zaidi ya michoro 2,000 ya Church, ya penseli na ya mafuta, iko kwenye jumba la Cooper Hewitt mjini New York, ambako mwanawe Louis aliikabidhi mwaka 1917. Ukiitazama mfululizo utaona subira ambayo mimi siwezi kuieleza bila neno la dini. Kangaga moja, mgomba mmoja, shina moja lenye kuvumwani, bila mpango wa kuuza wala kuonesha. Mtu anayetafuta mapambo tu ya kuweka mbele ya picha hachori shina la mti mara nyingi hivyo.

Kazi ya ndani

Studio yake ilikuwa kwenye jengo la Tenth Street mjini New York, lililojengwa mahsusi kwa wasanii. Hapo ndipo Moyo wa Andes ulipoundwa, na hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi ya wapenzi wake hulipita kimyakimya: bonde lile halipo. Hakuna mahali Ekwado ambapo unaweza kusimama ukaona mlima ule wa theluji, uwanda ule, kijiji chenye kanisa, maporomoko yale na msitu ule kwa mtazamo mmoja. Ni mkusanyiko. Kila kipande ni cha kweli na kizima chake kimetungwa.

Je, huo si uongo kwa mtu aliyeamini kwamba maumbile ni kitabu cha Mungu? Nadhani yeye aliona kama mhubiri anavyoona kazi yake. Mhubiri huchukua mistari ya sehemu mbalimbali akaiweka pamoja ili maana ya kitabu kizima ionekane, na hana ruhusa ya kubadilisha mstari wenyewe. Kanuni ya Church ilikuwa ileile: panga upendavyo, lakini usibuni jani. Ndiyo maana mimea inafuata ngazi za Humboldt, wa joto chini, wa baridi juu, na haijachanganywa kwa ajili ya rangi.

Mkusanyiko wa namna hii huharibika kwa njia zinazojulikana. Ya kwanza ni mwanga: kadi moja ilichorwa asubuhi, nyingine alasiri, na zikiunganishwa vivuli vinapigana. Dawa ni kuchagua upande mmoja wa jua kabla ya kuweka mstari wowote, halafu kuchora upya vivuli vyote kutoka kichwani. Hapo ndipo michoro ya penseli inapokuwa na faida kuliko ya rangi, kwa sababu umbo halina saa. Ya pili ni hewa. Kitu cha mbali hupoteza weusi wake kabla hakijapoteza umbo. Kikibaki na weusi uleule wa kitu cha karibu, mlima ulio umbali wa kilomita 50 unaonekana umesimama nyuma ya kichaka. Church aliutenga weusi mzito kwa ajili ya sehemu ya mbele na ya katikati, na kileleni akaacha weupe na samawati nyepesi. Ya tatu ni ukubwa. Kwenye picha yenye vitu vingi, jicho linahitaji kipimo, na hapa msalaba na watu wale wawili wana kazi ya kawaida kabisa: wanakuambia miti ni mirefu kiasi gani.

Kuhusu rangi, uso wa picha zake ni laini, alama za brashi hazionekani. Matokeo hayo hutaka tabaka nyembamba nyingi na kungoja. Tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu liwe na mafuta mengi zaidi. Ukigeuza, la juu linakauka kabla ya la chini, la chini likiendelea kujikunja linalipasua. Asiye na subira huona nyufa zake ndani ya miaka michache. Rangi mpya za kadmiamu, zilizoanza kupatikana kwa wachoraji katikati ya karne hiyo, ndizo zilizofungua zile mbingu nyekundu na za njano za Machweo Nyikani (1860). Kabla yake mchoraji aliyetaka moto kama ule alikuwa na rangi chache za kutegemea.

Kiingilio senti 25

Church hakuwa mtakatifu asiyejua hesabu. Mwaka 1857 wafanyabiashara wa picha walimlipa dola 4,500 kwa Niagara, picha yake ya maporomoko ya maji, sehemu ya fedha hizo ikiwa ni ya haki ya kuchapisha nakala. Kwa Moyo wa Andes alikwenda mbali zaidi: mchoro mmoja, chumba kimoja, fremu ya mbao nyeusi iliyosimama yenyewe ikiwa na mapazia, mfano wa dirisha, na mwanga ukielekezwa kwenye turubai tu. Watazamaji walishauriwa kuja na darubini ndogo. Walipewa pia vijitabu vya maelezo, kimojawapo kikiwa kimeandikwa na kasisi Louis Legrand Noble, aliyekuwa mchungaji wa Cole. Tangu mwisho wa Aprili hadi karibu mwisho wa Mei 1859, zaidi ya watu 12,000 walilipa senti 25 kila mmoja; hiyo ni zaidi ya dola 3,000 kwa kutazama tu, picha haijaondoka mlangoni. Mnunuzi, William Blodgett, alilipa dola 10,000, bei ambayo hakuna mchoraji Mmarekani aliye hai aliyekuwa amewahi kulipwa.

Darubini ile si mbwembwe. Ilimlazimisha mtu kuisoma picha kwa sehemu, kama asomavyo mistari, na watu walikaa mbele yake muda mrefu. Biashara na ibada zilikuwa zimeshikana humo kiasi kwamba sioni faida ya kujaribu kuzitenganisha. Church alitamani kuipeleka picha Berlin Humboldt aione. Mzee alifariki tarehe 6 Mei mwaka huohuo, maonesho yakiendelea. Novemba kitabu cha Charles Darwin kuhusu asili ya spishi kikatoka. Msitu ambao Humboldt aliusoma kama mpango wenye mapatano, na Church kama mkono wa Muumba, ukaanza kusomwa kama uwanja wa mashindano ya kuishi. Majani yalikuwa yaleyale.

Upinde

Alama ya Kikristo ambayo Church aliitumia vizuri kuliko msalaba ni upinde wa mvua, na sababu ni kwamba upinde ni alama na pia ni tukio la kweli la mwanga. Haulazimishwi. Kwenye Niagara umekatika vipande juu ya mvuke wa maji, na unaeleweka kwa fizikia bila kupoteza Mwanzo 9, ahadi ya Mungu kwa Nuhu.

Machi 1865 watoto wake wote wawili wa wakati ule, Herbert na Emma, walikufa kwa dondakoo ndani ya siku chache. Yeye na mkewe Isabel waliondoka kwenda Jamaika. Huko alichora karibu bila kupumzika, milima, mawingu, mimea, naye Isabel akakusanya na kukausha makangaga. Mwaka uliofuata akaonesha Masika ya Tropiki: upinde mzima, wa tabaka mbili, kutoka upande mmoja wa picha hadi mwingine, juu ya milima na ukungu. Angalia usahihi wake. Mpangilio wa rangi kwenye upinde wa nje umegeuzwa kinyume cha ule wa ndani, ndivyo ulivyo angani, na wachoraji wengi hukosea hapo. Hakuna kaburi, hakuna malaika, hakuna mstari wa Biblia. Mtu aliyefiwa na watoto wote aliichora ahadi ya Mungu na hakukosea mpangilio wa rangi.

Ulinganishe na Milima ya Barafu. Kiangazi cha 1859 alikwenda na Noble pwani za Newfoundland na Labrador, akichora barafu kutoka kwenye mashua. Picha, yenye upana wa karibu sentimita 286, ilioneshwa New York tarehe 24 Aprili 1861, siku 12 baada ya mizinga ya Fort Sumter kuanzisha vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ilikosa mnunuzi. Kabla ya kuipeleka London mwaka 1863 aliongeza mbele mlingoti uliovunjika wa meli, wenye umbo linalokaribia msalaba. Ikanunuliwa na Edward Watkin, ikapotea machoni pa watu kwa miongo mingi, kisha mwaka 1979 ikauzwa mnadani kwa dola milioni 2.5 na kupewa jumba la sanaa la Dallas. Mlingoti unasaidia kupima ukubwa, sikatai, na wanunuzi walitaka mwanadamu ndani ya picha. Lakini ukiuziba kwa kidole, barafu ile inatisha zaidi na inasema zaidi.

Yerusalemu, na kushuka

Mwishoni mwa 1867 familia ilivuka bahari. Mwaka 1868 alikuwa Beirut, Petra, Yerusalemu, Damasko na Baalbek. Ungetarajia kwamba mwamini huyu angerudi na Golgotha. Alirudi na Yerusalemu kutoka Mlima wa Mizeituni (1870), mji ulivyoonekana wakati wake, kuta, kuba, miti ya mizeituni, watu wachache na ngamia, kila jengo mahali pake. Hakumweka Yesu. Kwa wengine huo ni upungufu. Mimi naona ni kanuni ileile: hakumwona, hakumchora, aliuona mlima ambao Yesu aliukanyaga, akauchora.

Kufikia hapo soko lilishageuka. Wanunuzi walitaka picha za Kifaransa, ndogo, zenye brashi huru na hali ya moyo. Usahihi wa jani ukaitwa ubaridi. Kuanzia mwaka 1876 baridi yabisi ilishika mkono wake wa kulia, naye akajizoeza kutumia wa kushoto. Nguvu zake zikaenda Olana, nyumba aliyoijenga kati ya 1870 na 1872 juu ya kilima kinachotazama Hudson kwa msaada wa msanifu Calvert Vaux, na mashamba yanayoizunguka, ambako alipanda miti na kupitisha barabara kwa mpango uleule wa mbele, katikati na mbali. Alifariki tarehe 7 Aprili 1900. Olana iliponea chupuchupu kuuzwa na kutawanywa miaka ya 1960. Tangu 1966 ni eneo la kihistoria la jimbo la New York.

Moyo wa Andes uko Metropolitan Museum, jumba ambalo Church alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, na wameweka nakala yake mtandaoni ya kupakua bure. Ipakue iliyo kubwa kabisa, usitosheke na ile ya kwenye simu. Anza na shina lenye mwanga upande wa kushoto, ambako jina lake na mwaka vimechorwa kana kwamba vimechongwa kwenye gome. Panda kwa njia hadi msalabani, ushuke kwenye maji, uende kwenye kijiji, halafu uwanda, halafu mlima mweusi, theluji iwe ya mwisho. Ukifika juu, rudi chini na uhesabu aina za majani zilizomo kati ya shina na maji. Kwa picha nzima itakuchukua kama saa moja, na kompyuta yenye kioo kidogo itakuchosha macho, pumzika katikati.